Sogeza Kichwa, Mzee

Mimi nilikuwa mshika maiki.
Miaka kumi na minne nimeinua fimbo ile juu ya vichwa vya watu,
mkono ukifa ganzi, nikajifunza kuchekea puani
nisije nikaharibu sauti.
Kwa hiyo haya nimeyasikia kwa karibu kuliko waliotazama.

Anaeli Kisamo alianza na ulevi wa kuigiza.
Ukumbi wa parokia, Majengo, viti vya kukodi,
yeye jukwaani na kata ya mbege isiyo na mbege,
jina lake humo Shemeji Rogati.
Hakuwahi kunywa. Tumbo lilimkatalia.
Lakini ukipita naye sokoni Mbuyuni
wauza ndizi walimwita "Rogati!" huku wakipepesuka,
na kila baa kuanzia Pasua hadi Rau
ilikuwa na chupa inayomsubiri, imeshalipiwa.
Nyumba yake iliezekwa kwa bia hizo;
fundi alihesabu bati, yeye akahesabu kreti.

Kisha televisheni.
Kisha uso wake kwenye kalenda ya duka la saruji.

Mama yake alifariki Aprili,
Uru, kihambani, matope hadi vifundoni.
Alisimama kutoa shukrani kwa niaba ya familia.
Akakohoa.
Akafungua mdomo.
Mtu mmoja nyuma akacheka.
Si kwa ubaya, nakuapia. Mazoea tu,
kama goti linavyoruka likigongwa.
Akafuata wa pili. Kisha turubai zima,
shangazi na leso mdomoni,
katekista mabega yakimtikisika.
Anaeli akangoja. Kungoja alikujua, ndiyo iliyokuwa kazi yake.
Kicheko kilipokwisha, na maneno yalikuwa yamekwisha.
Akasema, "Chakula kipo,"
akaketi.

Jumatatu akanunua kaunta buku.

Chumba nyuma ya duka la vipuri, karatasi zikinuka grisi.
Aliandika kwa penseli. Kichekesho, alisema,
hakizaliwi na meno.
Rogati akampa kijana wa Njoro, Ombeni,
akamwambia: "Usipepesuke.
Mlevi ni mtu anayejitahidi kuwa na adabu kuliko padre."
Alivyoambiwa na mdhamini wa sabuni kwamba sabuni itajwe
hata kwenye ugomvi wa mahari,
akaandika bibi arusi anayenawa mikono na ukoo mzima.
Umeme ulikatika, tukasukuma jenereta kilima kizima.
Mbuzi wa kuazima akala ukurasa wa kumi na mbili.
Tukaigiza bila huo ukurasa, ikawa bora;
jina la mbuzi lipo mwishoni, kwenye shukrani.
Waigizaji wakilipwa kabla yake. Mimi pia.
Viatu vyake nilivijua kwa sauti: cha kulia kilikuwa kinapiga kofi.

Mwaka wa saba akaandika msiba.
Rogati anasimama kushukuru, watu wanacheka.
Hakunieleza kitu. Pembeni tu, kwa penseli:
Mshika maiki, usishushe fimbo.
Sikushusha.
Ombeni alisimama, mvua ikimnyeshea
kutoka mpira wa kumwagilia kahawa,
kimya, sekunde ishirini na moja,
na masikioni mwangu nikasikia turubai likidondosha,
kuku mmoja mbali,
na pumzi ya mtu nyuma ya kamera
ambayo haikuandikwa popote.
Mdhamini alitaka ikatwe.
Ilibaki.

Usiku iliporushwa tulikuwa Kiborloni, mtori umetupoa mezani.
Baa ilicheka, kisha ikaacha kucheka.
Mhudumu alisimama na trei, chupa zikagongana, akazishika.
Hakuna aliyemwita Rogati. Mvi zimemficha,
na Rogati sasa ana miguu mirefu na anatoka Njoro.
Kijana wa meza ya nyuma akamgusa bega:
"Sogeza kichwa, mzee. Tunaangalia."

Akasogeza.